Mwaloni ulioangushwa na upepo: nichanje sasa au nisubiri ukauke?

Mgeni_wa_Shoka:
Wakuu, habari za jioni. Upepo umeangusha mwaloni mkubwa nyuma ya nyumba, na nimeruhusiwa kuuchukua wote kwa kuni. Nimeshakata mapande manne, kila moja lina upana wa sentimita 60 hivi. La kwanza nimelipiga katikati mpaka mabega yanawaka moto: shoka linadunda, na likiingia halitoki. Jirani anasema niyaache yakauke mwaka mzima ndipo nichanje. Ni kweli? Na je, kuni hizi zitafaa baridi ya mwaka huu?

KabariMbili:
Mkuu, jirani hapo kakupoteza. Mwaloni huchanjika vizuri ukiwa mbichi. Halafu pande zima halikauki ndani kwa urahisi, kwa sababu gome linazuia maji kutoka. Chanja sasa.

Tatizo lako ni kupiga katikati. Pande nene huliwa kutoka pembeni. Tazama uso wake: kuna mistari inatoka kwenye kiini kwenda kwenye gome, kama miali ya jua. Mwaloni hupenda kupasuka kwa kuifuata. Ukiona ufa umeshaanza, lenga hapo hapo. Penye fundo au panda (pale mti ulipogawanyika) usipoteze nguvu, tumia kabari na nyundo nzito. Kabari ikishachanua kichwani isage kwanza, vipande vyake huruka kama risasi.

Shoka lako ni la aina gani?

Mgeni_wa_Shoka:
Jembamba, nimerithi kwa babu.

KabariMbili:
Basi hilo ni la kukatia, ndiyo maana linang'ang'ania. La kuchanjia lina kichwa kizito, kilo 3 hivi, kimenenepa nyuma ya makali. Linasukuma mbao kando badala ya kuzama.

MoshiMweupe:
Mleta mada, baridi ya mwaka huu sahau. Mwaloni ni mvivu wa kukauka. Hata ukichanja leo, hesabu kama miaka miwili. Mimi nilikuwa na haraka kama yako, nikachoma wa miezi minane. Ulichemka na kutoa povu miishoni, kioo cha jiko kikawa cheusi, dohani ikajaa masizi yanayonata kama lami. Masizi hayo yakishika moto, nyumba iko hatarini. Subiri unyevu ushuke chini ya asilimia 20, na upime kwenye uso uliochanjwa muda huo huo, maana nje hudanganya.

Kuni zipange juu ya miti iliyolazwa chini, zisiguse ardhi, mahali penye upepo, funika juu tu. Mimi niliwahi kuzungushia turubai mpaka chini, nikavuna uyoga.

Mnyororo:
Nyie mnaongelea kuchanja, mimi naogopa shina lililobaki. Mkuu, mti umeng'oka na mizizi?

Mgeni_wa_Shoka:
Ndiyo, shimo kubwa kabisa.

Mnyororo:
Basi simama hapo. Ukitenganisha shina na mizizi, kisiki kinaweza kujirudisha wima ghafla na kumfunika aliye shimoni. Watoto wasikaribie, na sehemu hiyo mwachie mzoefu. Matawi na mapande ya mbali endelea nayo, ila gogo lililoegemea ncha zote mbili hujibana upande wa juu: kata theluthi kutoka juu, malizia kutoka chini, la sivyo msumeno wa mnyororo utanaswa. Ncha ya msumeno isiguse kitu, ndiyo inayourusha usoni. Mnyororo nao usiguse udongo, utakuwa butu papo hapo. Miwani, kofia ngumu, kinga ya masikio na ya miguu usisahau.

Mgeni_wa_Shoka:
Mrejesho: nimeazima shoka zito. Pande lililonishinda jana nimelimenya lote kutoka pembeni kabla chai haijapoa. Mizizi sijaigusa, kuna mtu anakuja Jumamosi. Ila kuni zimeota madoa ya bluu nyeusi pale chuma kilipogusa. Ni ugonjwa?

KabariMbili:
Hapana, ni tanini, kemikali ya asili ya mwaloni, imekutana na chuma. Choma tu. Baada ya miaka miwili.