Nyinyi mnaotoka hotelini mkilia kama kwa muvi, hiyo stiki mnafikiri inalipwa na nani??

Wasee niruhusuni nitoe hii kitu kwa roho maana nimekaa nayo tangu mwisho wa mwezi na bibi yangu amechoka kunisikiliza. Mimi ni weita, huu mwaka wa 8, hoteli sitaitaja, iko upande wa Westlands, zile za taa hafifu na kishumaa kwa meza. Na mtu ananimaliza kwa hii kazi si mlevi wala si meneja, ni hizi muvi za mapenzi za kuchekesha.

Mshawahi kuangalia vizuri vile watu hula kwa hizo muvi? Hawali! Wanaingia, wanapewa meza ya dirishani bila kubuku, chakula kinafika hata hujaona wakiagiza, mmoja anachoma jani moja la saladi na uma analizungusha tu, mwenzake anateleza ulimi, basi huyo ameinuka, kitambaa kimetupwa juu ya sahani, machozi, mlango, mvua, jamaa anamkimbilia, muziki. Na kamera inatoka nje nao, hairudi ndani kuonyesha yule mtu amesimama na trei. Sasa yule ndiye mimi. Naelewa wakishuti wanarudia hiyo sehemu mara nyingi na hakuna mtu anaweza kumeza kila tonge, kuna ndoo kando ya kutema, sawa, hiyo ni kazi yao. Lakini wewe umetoka Kasarani na gari yako, nani anakushuti?

Haya sikizeni. Ijumaa moja usiku, mvua ile ya kufunga Waiyaki Way yote, meza ya 9 wanaingia chali na dem. Wamependeza, sikatai. Wanachukua waini glasi mbili, maji, dem anaagiza kamba wa nazi, chali anasema stiki, mediam, na ananiambia mara mbili ati isikauke. Naenda jikoni kumsumbua shefu, shefu ananitusi, stiki inatoka imeiva vile inafaa. Nikifika na trei nasikia tu "kumbe ndio maana hukuwa unashika simu", dem huyo, kiti kimeanguka, ameshika viatu mkononi anakimbia. Viatu mkononi jameni! Hiyo ameitoa wapi kama si kwa muvi? Chali naye badala ya kusema "boss nishikie hapo" anatoka mbio nyuma yake akiita jina.

Mimi nina meza sita, siwezi kukimbia. Nikamwashiria soja wa geti awasimamishe. Unajua soja alifanya nini? Aliwafungulia. Nilipomuuliza akaniambia, "Ndugu yangu, niliona ni mambo ya mapenzi." Na kwa kamera ya geti tuliwaona baadaye, wamekumbatiana hapo nje wakinyeshewa, wameingia kwa gari, wameenda zao. Wamesameheana! Bili 6,450.

Hiyo 6,450 ilitoka kwa mshahara wangu. Yote. Nikaenda kusoma hiyo Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inasema mwajiri anaweza kukata kiasi cha haki kwa hasara iliyoletwa na mfanyakazi kwa kukusudia. Sasa mimi nilikusudia nini hapo, ndio mimi nilikuwa sishiki simu? Nikamwambia meneja basi bosi, kama nimelipa, hicho chakula ni changu, nifungie niende nacho nyumbani. Akasema weita haruhusiwi kula chakula cha mteja. Mteja gani tena na mwenye kulipa ni mimi!! Ikamwagwa nikiangalia, stiki ya 2,400 haijaguswa hata na kisu, halafu mimi nikaenda nyuma kula ugali na sukuma nikiwa nimesimama, kama kawaida.

Na msiniambie ati nachukia muvi, nimeziangalia nyingi kuwashinda, bibi yangu ndiye mgonjwa wa hizo muvi. Kuna zenye zinajua chakula. Ile ya 1989, When Harry Met Sally, watu wote wanakumbuka kelele za raha za Meg Ryan (ndiye Sally) pale hoteli ya Katz's New York na yule mama wa meza ya pili anayeagiza alichokula yeye (huyo mama alikuwa mzazi wa dairekta, Rob Reiner). Mimi nakumbuka pai. Sally anaagiza pai ya tufaha ipashwe moto, aiskrimu ikae kando isiwekwe juu, iwe ya stroberi kama iko, kama haiko basi krimu, na krimu iwe ya ukweli, kama ni ya mkebe basi aache. Hiyo oda peke yake inakuambia huyu mwanamke ni nani na huyo mwanaume ataishi aje naye. Wateja kama hao ninao na nawapenda, wanajua wanachotaka na wanamaliza.

Hata Pretty Woman ya 1990, Julia Roberts konokono inamponyoka inaruka, weita anaidaka kwa mkono mmoja na hasumbuki hata kidogo. Sekunde chache tu lakini mwenzetu ameonekana akifanya kazi.

Na yenye ilinimaliza ni ya Wahindi, The Lunchbox, 2013, Irrfan Khan. Mama wa nyumbani Mumbai anapikia bwanake, mikebe inapelekwa ofisi isiyo yake, kwa mwanaume mpweke. Huyo mama anajuaje kuna kitu? Mikebe inarudi tupu, imelambwa! Mapenzi yote yanaanzia hapo, kwa mtu aliyekula akamaliza. Hakuna kukimbia na viatu.

Halafu msinianzishie hiyo ya pete ndani ya keki. Mwaka jana kuna mwenye nusura aimeze, tulikaa na yeye saa nzima akikohoa, mchumba amepiga magoti na simu ya kurekodi bado iko juu.

Sasa wewe wa meza ya 9, shati jeupe, najua huku uko maana kila mtu yuko huku. Sitaki kujua mliongea nini kwa geti. Nitumie 6,450 yangu kwa M-Pesa, namba utapewa hapo kaunta, ulizia weita wa ile Ijumaa ya mvua. Ukikimbia uliacha mwavuli, ule mkubwa mweusi wa mkono wa mbao, na huu msimu nimeona ni mzuri sana. Ninao mimi.