Mjadala: Je, kodi ya wananchi ilipie feng shui? Tuangalie Hong Kong

Mkadiriaji (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Hong Kong kuna utaratibu wa tangu enzi za Mwingereza. Serikali ikichimba kilima au kupitisha barabara karibu na kijiji cha wenyeji kule New Territories, na wanakijiji wakalalamika kwamba feng shui yao (imani ya Kichina kwamba mpangilio wa ardhi, maji na majengo huleta heri au mkosi) imevurugwa, serikali inaweza kuwalipia ibada ya Tun Fu ya kukikinga kijiji. Hela hiyo ni ya umma. Mimi napinga ilipwe kwa neno la mtaalamu wa feng shui, na sisemi kwa dharau. Nimefanya kazi ya ukadiriaji majenzi kule miaka mitatu na nimeshuhudia majengo yakitathminiwa.

Mtaalamu haanzii ndani. Anazunguka nje kwanza: mgongoni mwa jengo kuna mlima au jengo refu la kuliegemeza? Mbele kuna uwazi, kuna maji? Kushoto ni upande wa joka, kulia wa chui milia. Anatafuta pia kona kali ya jirani inayoelekea mlangoni. Ndiyo maana mnara wa Bank of China uliofunguliwa 1990 ulisemwa sana, kwamba pembe zake ni kama visu. Msanifu wake, I. M. Pei, alificha vyuma vya mlalo ili alama za X zionekane kama almasi.

Halafu inatoka luopan, dira yenye duru nyingi. Duru moja imegawanywa "milima" 24, kila mmoja nyuzi 15. Anapima mlangoni, anasogea hatua kadhaa, anapima tena, kwa sababu nondo na magari huvuta sindano. Anauliza jengo lilikamilika mwaka gani, maana hesabu huenda kwa vipindi vya miaka 20, na tangu 2024 tuko kipindi cha tisa. Mwisho ramani ya jengo inagawanywa sehemu 9, kila sehemu inapata namba zake, ndipo unaambiwa meza ya mkurugenzi ikae wapi.

Mpaka kwenye dira sina ugomvi, kipimo kile hata mimi nakirudia. Shida ni kinachofuata. Ghorofa lenye vioo pande nne linatazama wapi? Nilishuhudia wataalamu wawili kwenye jengo moja: mmoja alifuata mlango mkuu, mwingine upande wa barabara. Ukihama mlima mmoja, namba zinaweza kubadilika zote. Chumba kimoja kikawa cha utajiri kwa huyu na cha magonjwa kwa yule. Mthamini wa ardhi akileta tofauti ya namna hiyo, ripoti yake hailipiwi fidia.

Kigogo wa Ramani

Mkuu, mbona serikali hiyo hiyo ina hisa nyingi Hong Kong Disneyland, iliyofunguliwa Septemba 12, 2005? Pale lango liligeuzwa nyuzi 12 kwa ushauri wa feng shui, na ukumbi mmoja ukajengwa wa mita za mraba 888. Kama kwenye biashara inakubalika, mwanakijiji akidai unaiita imani?

Mkadiriaji

Nyuzi 12 kati ya 15 ni karibu mlima mzima, kwa hiyo naelewa kwa nini waligeuza. Ila pale mwekezaji anapendeza wateja wake kabla hajamwaga zege. Fidia ni kitu kingine: unadai umeumizwa, onyesha jeraha.

Mama Shamba

Kaka, rudi nyumbani kidogo. Tanzania tuna sheria ya kuhamisha makaburi ya mwaka 1969. Mradi ukipita kwenye makaburi, fidia inagusa kuchimbua, kusafirisha, kuzika upya, na pia matambiko yanayoandamana na kazi hiyo. Hakuna aliyedai mizimu ipimwe kwanza. Wenyeji wa New Territories nao haki zao za jadi zimelindwa kwenye kifungu cha 40 cha Sheria ya Msingi ya Hong Kong, ambayo ni kama katiba yake. Misitu waliyoiacha nyuma ya vijiji kwa ajili ya feng shui ndiyo iliyohifadhi miti ya asili pale ambapo vilima vya jirani vilibaki vipara. Hiyo imani imefanya kazi ambayo wizara nyingi zimeshindwa.

Mkadiriaji

Dada, hapo umenibana, nakubali. Sheria yetu hailipii mzimu, inalipia mbuzi, mchele na nauli za ukoo, vitu vyenye risiti. Basi narekebisha msimamo: Tun Fu ilipwe, kwa gharama halisi ya ibada. Ninachokataa ni ripoti ya luopan kuamua nani alipwe na kiasi gani.

Kigogo wa Ramani

Sasa bila mtaalamu, nani atasema kijiji kipi kimeguswa na kipi kinatafuta hela tu?

Mkadiriaji

Mpimaji ardhi. Kilima kilichokatwa kiko mgongoni mwa kijiji au hakipo? Msitu umeguswa kwa mita ngapi? Kijito cha mbele kimehamishwa? Hayo ndiyo mtaalamu mwenyewe huyatazama kwanza kabla hajafungua dira, na yanaonekana kwenye ramani ya mradi hata kabla tingatinga halijafika. Waliowahi kusimamia fidia za barabara humu, niambieni: mlilipia matambiko kwa kiwango kimoja kwa wote, au kila ukoo ulileta hesabu yake?