Naomba ushauri: kuchagua msambazaji wa jengo la chuma linaloundwa kiwandani

Ndugu wanajamvi, nakusudia kujenga ghala la fremu za chuma zinazoundwa kiwandani na kufungwa kwa bolti kwenye eneo la ujenzi, lenye upana wa mita 24 bila nguzo za katikati na urefu wa mita 40. Nimepokea makadirio kutoka kwa wasambazaji watatu, na ugumu wangu ni kwamba bei zao hazilinganishiki: mmoja ametaja bei ya kila mita ya mraba pasipo kueleza uzito wa chuma, wa pili ameacha nje milango, mifereji ya maji na gharama za kusimamisha jengo, na wa tatu, ambaye bei yake ni ya chini mno kiasi cha kunitia shaka, hakusema ametumia kasi gani ya upepo katika usanifu wake.

Je, ni haki kudai mahesabu yaliyosainiwa na mhandisi kabla ya kulipa malipo ya awali? Ninavyoelewa, mjenzi wa msingi anahitaji mapema mizigo itakayoshuka kwenye kila nguzo pamoja na ramani ya bolti za msingi, kwa kuwa zikipishana hata kidogo fremu hazitakaa.

Naomba pia maoni kuhusu mabati: mpako wa zinki wa kuzuia kutu wa gramu 275 kwa mita ya mraba unatosha palipo na unyevu mwingi, au nisisitize yaliyopakwa rangi kiwandani? Waliokwisha kujenga, mlikagua nini kiwandani kabla mzigo haujasafirishwa?