MJADALA: Je, mwimbaji wa Dodoma anayeimba na fidla na selo ameukimbia muziki wa nyumbani?

Ndugu wanamjadala,

Mwimbaji mmoja wa hapa Dodoma, anayejitungia nyimbo na kujigharimia kurekodi, ametoa albamu yake ya kwanza iliyojaa fidla, selo (fidla kubwa ya sauti nzito) na filimbi mahali ambapo wengi walitarajia biti za Bongo Fleva. Tangu hapo wasikilizaji wamegawanyika. Wapo wanaosema ameupandisha hadhi muziki wetu, na wapo wanaosema ameukimbia, kwamba binti wa Ugogoni, kwenye zeze na ilimba (ala ya vijiti vya chuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba), hakuwa na sababu ya kwenda kuazima okestra ya Wazungu. Naomba nichangie, kwa kuwa hoja hii ya pili inapigiwa makofi bila kupimwa.

Fidla si ngeni katika muziki wa Kiswahili. Ikhwani Safaa ya Zanzibar ilianzishwa mwaka 1905, na hadi leo ukisikiliza taarabu asilia utakuta fidla, udi, kanuni na akodiani, wala hakuna anayemwambia mpiga fidla wa Unguja kwamba anapiga muziki wa watu wengine. Tena zeze lenyewe ni la ukoo huohuo: nyuzi zilizokazwa kwenye kijiti na kibuyu, zikasuguliwa kwa upinde.

Jambo lenye uzito zaidi, ambalo sijaona likiguswa katika mjadala huu, ni ulinganifu wa sauti. Muziki wa Wagogo haukujengwa kwa vipimo vya piano. Unafuata sauti za asili zinazozaliwa ndani ya uzi mmoja unapotetema, na watafiti wa muziki wameliandika jambo hili kwa miaka mingi. Katika mfuatano huo sauti ya saba iko chini ya ile inayokaribiana nayo kwenye piano kwa kiasi cha theluthi moja ya nusu toni, yaani ya hatua ndogo kabisa kati ya vitufe viwili vya piano vinavyofuatana. Ni tofauti ndogo kwa hesabu, lakini sikioni ni kubwa. Mpe mzee wa Chamwino ilimba yake apige pamoja na kinanda cha studio, utasikia vinavutana. Na prodyuza, kwa haraka ya kazi, ataisahihisha ilimba kwenye kompyuta mpaka ile ladha tuliyoifuata iishe. Shingo ya fidla au ya selo haina vigawanyo kama vya gitaa. Kidole cha mpigaji kinaweza kushuka kidogo tu na kulikuta zeze palepale lilipo. Kwa hiyo, kati ya ala zote zilizotoka nje, hizi za nyuzi ndizo zinazoweza kuishi na zeze bila kulidhulumu, ilhali kinanda, ambacho kimejaa katika kwaya zetu zote hapa mjini, hakuna anayekilalamikia.

Ndiyo maana lawama yangu kwa albamu hii ni nyingine kabisa. Katika wimbo wa tatu zeze linafungua peke yake, kavu, unasikia hata upinde unavyokwaruza uzi. Kisha fidla zinaingia kwa vipimo vya piano, zeze linazimwa, na halirudi tena hadi wimbo unakwisha. Hilo limeniuma, maana hapo ndipo alipokuwa na nafasi ya kufanya kitu ambacho hakijazoeleka popote: fidla kulifuata zeze. Mzee Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo mzaliwa wa mkoa huu aliyefariki mwaka 2003, alishirikiana na Michael Brook, mpiga gitaa na prodyuza wa Kanada, katika albamu iliyotoka mwaka 2002, na kwa masikio yangu sauti ya Kigogo haikupoteza uongozi humo.

Kuhusu wanaosema kwamba albamu haisikilizwi na kwa hiyo imeshindwa, sioni haja ya kubishana sana. Nick Drake, mwimbaji wa Uingereza, alitoa albamu yake ya kwanza mwaka 1969, sehemu zake nyingi za ala za nyuzi zikiwa zimepangwa na Robert Kirby, rafiki yake wa chuo kikuu. Iliuzwa kidogo sana hadi mwimbaji huyo anafariki mwaka 1974. Leo inahesabiwa miongoni mwa albamu bora za nchi yake.

Pendekezo langu ni kwamba katika kazi ijayo mpiga zeze awepo chumbani tangu siku ya kwanza ya kupanga muziki, alipwe sawa na mpiga fidla, na jina lake liandikwe. Wanaofahamiana na wapigaji wa Chamwino na Mvumi watueleze kama wangekubali kazi ya namna hiyo na kwa masharti gani. Na wanaotaka fidla ziondolewe kabisa, naomba watujibu kwa uwazi: je, na kinanda cha kwaya nacho kiondoke?