Mrejesho: Notisi ya kuhama kwa deni la kodi, Moshi

Ndugu zangu, niliwaomba ushauri nilipopewa notisi ya siku 30 kuhama nyumba ya umma ninayopanga hapa Moshi, kwa deni la kodi ya miezi saba. Wengi mlinisihi nisiifungie barua ile kabatini, nami nawashukuru kwa dhati.

Nilianza kwa msaidizi wa kisheria, ambaye kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 huduma yake ni bure, naye akanieleza kwamba Baraza la Kata tangu 2021 husuluhisha tu, hivyo shauri likishindikana lingekwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Tulipanga stakabadhi mezani moja baada ya nyingine, na hapo tukagundua kuwa malipo ya miezi miwili, yenye mhuri wa benki uliofifia, hayakuwa yameingizwa katika hesabu za mwenye nyumba. Liliniuma sana, kwa kuwa mama yangu mgonjwa alikwishaanza kufunga vyombo vyake.

Ofisi ya mwenye nyumba imekubali kwa maandishi kuiondoa miezi hiyo, na deni lililobaki nitalilipa kwa awamu kumi pamoja na kodi ya kila mwezi. Awamu ya kwanza nimelipa jana, na stakabadhi yake nimeitolea nakala mbili.