Enterprise ya AMT 1/650: kuzuia injini zisiiname, na kupitisha waya za taa

KopoLaPraima ameuliza:

Wakuu, salaam. Mezani nina modeli ya plastiki ya kuunda ya Enterprise, chombo cha anga cha Star Trek, kutoka kampuni ya AMT, skeli ya 1/650, toleo la zamani. Vipande vyote vimo na hakuna kilichoguswa na gundi. Nataka ibaki na sura ile tuliyoipenda utotoni, ila safari hii iundwe kwa umakini.

Modeli hii inajulikana kwa ugonjwa mmoja: mitungi ya injini huinama kadiri muda unavyokwenda, mmoja ukashuka kuliko mwenzake. Nataka kuzuia hilo mapema. Pia nusu ya juu ya sahani (ile sehemu ya mbele iliyo duara bapa) imepinda, ukingo wake haulali sawasawa juu ya nusu ya chini. Halafu nataka taa kwenye vichwa vya mitungi na kwenye kuba ya juu ya sahani. Stika nazo, zile za kulowekwa majini, zimegeuka manjano. Nianzie wapi?

Msasa600 amejibu:

Anzia kwenye nguzo zinazobeba mitungi ya injini, mkuu, rangi isubiri. Nguzo ni ndefu na nyembamba, ulimi wake unaoingia kwenye kiwiliwili (mwili mkuu ulio chini ya sahani) ni mfupi, na uzito wote uko mbali kwenye ncha. Gundi ya modeli hushika kwa kuyeyusha plastiki, na sehemu iliyoyeyuka inaweza kubaki laini siku kadhaa hata kama juu inaonekana imekauka. Ukiisimamisha modeli mapema, nguzo inalala polepole ndani ya kiungo chake na kukaukia hapo hapo. Ndiyo maana huoni ufa wowote, unaona tu imeinama.

Dawa yake ni bomba la shaba njano la kipenyo cha mm 1.6. Upande wa ndani wa kila nguzo, ule unaotazamana na mwenzake, chonga mfereji kwa mgongo wa kisu kuanzia kwenye ulimi hadi inapoingia kwenye mtungi. Pima unene kwanza. Kama mfereji utatokeza upande wa pili, tumia bomba la mm 1.2. Bomba lizidi nguzo kwa mm 10 kila mwisho. Lilaze humo kwa epoksi (gundi ya kuchanganya sehemu mbili) ya dakika 30. Ile ya dakika 5 inakaza kabla hujamaliza kurekebisha pembe.

Ndani ya kiwiliwili weka ukuta wa plastiki wenye unene wa mm 1.5, uliokatwa kufuata umbo la ndani na kugusa pande zote, na uutoboe matundu mawili ya kupitishia mabomba. Hapo mzigo unabebwa na ukuta, ulimi unabaki wa kuongoza tu.

Kabla ya kumimina epoksi, kata kadibodi ngumu yenye pembe ya nguzo zikitazamwa kutoka nyuma, uitumie kuzishikilia. Kisha chukua rula: umbali kati ya mitungi mbele na umbali kati yake nyuma lazima uwe sawa. Tofauti ya mm 1 tu inaonekana na mtu aliyesimama mlangoni. Iache saa 24 bila kuigusa.

Sahani iliyopinda haitaki nguvu. Pasha maji hadi nyuzi 60 au 65, izamishe dakika moja hivi, itoe, ilaze ukingo chini juu ya kioo na uweke uzito mdogo mpaka ipoe. Rudia kidogo kidogo. Usitumie maji yanayochemka, kwa sababu polistirini, plastiki ya modeli hii, hulegea kabisa kabla tu ya kufika nyuzi 100, na kuba ikishabonyea hairudi.

Wakati wa kuunganisha nusu mbili, usijaribu kubana mzingo wote kwa pamoja. Funga kwa tepu, pitisha gundi ya modeli iliyo nyepesi kama maji kwa brashi kwenye sentimita 4 au 5, subiri ishike, ndipo usogee.

WayaMwembamba amejibu:

Naafiki ya hapo juu, ila taa ndizo zinazopanga ratiba: hakuna nusu mbili za kitu chochote zinazofungwa kabla waya hazijapita na kujaribiwa.

Toleo la kwanza la 1966 lilikuja na balbu zake. Usizirudishe, balbu za uzi hutoa joto na ndani ya plastiki iliyofungwa joto halina pa kwenda. Tumia LED (vitaa vidogo visivyo na uzi) za mm 3, nyeupe yenye joto kwa kuba, na kwa mitungi rangi ya chungwa au nyekundu. Nyuma ya kipande kinachopitisha mwanga paka vanishi isiyong'aa, au kisugue kwa msasa namba 800, ili taa isionekane kama nukta moja.

Hesabu ya rezista, kile kipande kinachopunguza mkondo wa umeme: LED nyeupe inakula takribani volti 3. Kwa chanzo cha volti 9 zinabaki 6, na rezista ya omu 470 inakupa karibu miliampia 13, zinatosha kabisa. Nyekundu na chungwa zinakula karibu volti 2, kwa hiyo omu 560. Kila LED iwe na rezista yake. Ukizifunga kadhaa sambamba kwenye rezista moja, ile inayowaka kwa volti ndogo inanyonya mkondo na nyingine zinafifia.

Bomba la Msasa600 ndilo njia yako ya waya. Waya wa shaba uliopakwa vanishi, wa mm 0.2, unapita miwili ndani ya bomba la mm 1.6 bila shida. Lainisha midomo ya bomba kwa faili kwanza, la sivyo ukingo mkali utakwangua vanishi na nyaya zitagusana ndani, mahali ambapo hutafika tena. Rezista zikae kwenye kiwiliwili, usiongeze hata gramu moja kwenye mitungi. Umeme uingilie kwenye stendi. Betri iliyofungiwa ndani itakulazimisha kuipasua modeli siku ikivuja.

Kuvuja kwa mwanga: plastiki hii nyeupe inaangaza kama karatasi. Paka ndani nyeusi tabaka mbili, halafu nyeupe au fedha juu yake. Kisha ingia chumba chenye giza, washa, uzunguke mishono yote kabla ya gundi.

StikaZaMaji amejibu:

Karatasi ya stika ibandike kwenye kioo cha dirisha linalopata jua, uso wa stika ukitazama nje, wiki moja au mbili. Umanjano mwingi hupungua. Lakini kabla ya hapo iskani kwa dpi 600, maana stika za umri huo hupasuka vipande vipande zikigusa maji. Jaribu moja usiyoihitaji. Ikipasuka, pulizia karatasi nzima vanishi ya kung'aa, kisha kata kila stika karibu na ukingo wake. Ikishindikana, chapisha upya kutoka kwenye skani: maandishi ni meusi na michirizi ni myekundu, kwa hiyo printa isiyo na wino mweupe inatosha. Ukitumia printa ya wino wa maji, ipulizie vanishi kabla ya kuitia majini.

Juu ya rangi isiyong'aa stika hunasa hewa na kuacha kivuli cha fedha. Kwa hiyo: rangi, vanishi ya kung'aa, stika, kilainishi kama Micro Sol, halafu vanishi isiyong'aa mwishoni. Kilainishi kitaikunjakunja stika kwa dakika chache. Usiiguse, itanyooka yenyewe.

Na mistari ya gridi juu ya sahani: kwenye modeli hii imezidishwa mno. Modeli ya studio iliyotumika kupigia filamu, ile ya mita 3.4 iliyoko makumbusho ya Smithsonian, Marekani, tangu 1974, mistari yake ilichorwa kwa penseli tu. Tumia puti na msasa namba 600 uliozungushwa kwenye kipande cha mbao mpaka ibaki alama hafifu. Rangi yake pia si nyeupe, ni kijivu kinachoelekea kijani.

KopoLaPraima:

Asanteni sana wakuu. Moja tu: shingo (inayounganisha sahani na kiwiliwili) na sahani niviunganishe kabla ya rangi au baada? Na supaglu inafaa pale?

Msasa600:

Baada, ukiweza. Paka sahani peke yake, kiwiliwili peke yake, na ufunike kwa tepu nyuso zitakazopata gundi, kwa sababu gundi haishiki rangi. Shingo nayo iwekee vipande viwili vya bomba hilo hilo, mbele na nyuma, kwa epoksi. Kimoja peke yake kinaruhusu sahani kuzunguka, na kile cha nyuma ndicho cha kupitishia waya za kuba. Supaglu hapana. Haipendi kugongwa, na mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye vipande vya kioo vilivyo jirani. Kuba yenyewe ibandike kwa gundi nyeupe ya mbao, itang'oka bila kuharibika siku LED ikifa.