Mjadala: Wanafunzi wa udaktari wakizunguka kitanda chako, una haki ya kuwakataa?

Wakuu, heshima kwenu. Majuzi nilikuwa namuuguza mama mdogo katika hospitali moja ya rufaa mkoani, jina naliacha. Asubuhi ya pili raundi ikafika: daktari bingwa na vijana tisa wa makoti meupe. Pazia halikuvutwa. Shuka likafunuliwa, maswali yakaanza kwa Kiingereza, na vijana wakapokezana kumbonyeza tumbo palepale panapouma. Mama mdogo ana miaka 61. Aling'ata pindo la kanga mpaka wakaondoka. Hakuna aliyempa hata shikamoo, seuze kumwomba ruhusa.

Msimamo wangu: mgonjwa aombwe kwanza, kwa lugha anayoielewa, na akikataa huduma yake isipungue.

Wanafunzi siwapingi. Nchi hii ilipata uhuru 1961 ikiwa na madaktari wazalendo wa kuhesabika, na waliotaka kusomea udaktari walikwenda Chuo cha Makerere, Uganda, wakajifunzie hospitali ya Mulago. Chuo cha udaktari cha Dar es Salaam kilipoanza 1963, darasa lake la vitendo likawa Muhimbili, hospitali iliyofunguliwa 1956 kwa jina la Princess Margaret. Mwaka 1976 chuo na hospitali viliunganishwa kabisa kikawa chombo kimoja. Leo ni taasisi mbili, Hospitali ya Taifa na chuo kikuu cha afya, MUHAS, lakini wanafunzi bado wanapanda ngazi zilezile za majengo ya wodi ya Mwaisela na Kibasila. Figo ilipopandikizwa Muhimbili kwa mara ya kwanza, 2017, wataalamu wetu walisaidiana na wenzao wa India, na tulifurahi wote. Wataalamu hao walianzia wapi? Kwenye miili ya wagonjwa wa wodi za kawaida.

Hapo ndipo panaponiuma. Kule nilikomuuguza mama mdogo, waliolala vyumba vya kulipia sikuona wakizungukwa. Deni la kufundisha madaktari wa taifa zima analilipa asiye na kitu, tena bila kuambiwa kwamba analilipa.

Mchangiaji, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho:
Mkuu, pole sana, na mfikishie mama shikamoo yangu. Ila nisikilize. Ini lililovimba halifundishiki kwa picha. Unaweka vidole chini ya mbavu za kulia, unamwambia mgonjwa avute pumzi, na ukingo wake unashuka kugusa vidole vyako. Ukishaupata mara moja huusahau. Usipoupata ukiwa na bingwa pembeni, utakuja kuutafuta peke yako usiku kwenye kituo cha afya, na mgonjwa wa huko hana wa kumsahihisha daktari wake. Wodi ya wazazi ni ngumu zaidi, sisi wanaume tunakataliwa sana. Wote wakikataa, nani atamzalisha dada yako kijijini?

Mchangiaji, muuguzi:
Kwangu tatizo ni idadi. Vyuo vimeongezeka, vitanda havijaongezeka kwa kasi hiyo. Mgonjwa mwenye moyo wenye sauti isiyo ya kawaida anaweza kusikilizwa na makundi matatu kabla ya chakula cha mchana. Mimi huwa nawazuia, nagombana nao, kesho wanarudi.

Mleta mada:
Mdogo wangu, la ini nimekuelewa, na umelieleza vizuri kuliko bingwa wa siku ile. Sasa maneno hayohayo angeambiwa mama mdogo: "Shikamoo mama, hawa wanajifunza, naomba wawili wakuguse, wengine watazame tu." Ni nusu dakika. Angekubali, namjua, amemsomesha binti yake unesi kwa kuuza maandazi.

Hoja ya muuguzi naiunga mkono: wawili kwa mgonjwa mmoja, wengine wahamie kitanda kingine, na vyumba vya kulipia viingizwe kwenye zamu.

La wodi ya wazazi sina jibu jepesi. Akina mama mliojifungulia hospitali za kufundishia, tuambieni: mliulizwa? Na mlipokataa, ikawaje?